Taa na muziki wa mgahawa sio urembo tu

Wengi wanaamini ladha inatoka jikoni tu, eti taa na muziki ni mbwembwe za mwenye mgahawa. Hapana aisee. Kelele zikizidi ulimi unausikia utamu na chumvi kwa mbali, ndo maana chakula cha kwenye ndege, injini zikiunguruma kama desibeli 80 na kitu, kinaonekana kimepooza hata kama mpishi hajakosea (hewa kavu nayo inachangia), halafu cha ajabu juisi ya nyanya hukohuko juu inapendwa sana, maana ule ukolezi wake (umami, ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama) hauzimwi na kelele.

Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti Zampini na Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliwavalisha watu hedifoni wakawalisha krispi, mmoja mmoja, wakikuza ule mlio wa kuvunjika mdomoni watu wanasema hii ni freshi zaidi, kumbe krispi ni zilezile!

Muziki wa taratibu unakukalisha tu, unashtukia umeagiza kinywaji kingine. Na taa? Mwanga ukiwa hafifu rangi ya nyama huioni vizuri, hata ikiungua kidogo pembeni unameza tu.