Aproni ya mama wa Marekani

Picha tuliyozoea ya Marekani ya miaka ya 1950 ni mama aliyejifunga aproni, friji jipya nyuma yake, akimsubiri mume. Wengi huamini kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, wanawake walirudi nyumbani wakabaki huko. Sivyo. Viwandani wengi waliachishwa kazi kweli, kuwapisha askari waliorejea. Lakini kufikia 1950 takriban mwanamke 1 kati ya 3 alikuwa kwenye soko la ajira, na 1960 kiwango kilikuwa kimepanda, hasa kwa walioolewa. Walipiga taipu, waliuza madukani, walifundisha. Magazeti yalitenga hata matangazo ya kazi: safu ya wanaume, safu ya wanawake. Wanawake weusi, wao, aproni waliivaa, ila mara nyingi katika jiko la mwajiri.