Lugha kama kipimo cha wenyeji: Wajapani wa Brazili na wajukuu wao

Meli ya Kasato Maru ilipotia nanga katika bandari ya Santos tarehe 18 Juni 1908, iliteremsha Wajapani 781 waliokuja kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya kahawa ya jimbo la São Paulo. Wengi walikusudia kukaa miaka michache, wachume na kurudi kwao. Kusudio hilo ndilo lililoamua habari nzima ya lugha: anayejihesabu kuwa mpitaji huridhika na Kireno cha shambani na dukani, lakini humhimiza mwanawe ajue Kijapani barabara, asije akafika kwao akachekwa.

Si kwamba waliteremka wakiwa na lugha moja. Sehemu kubwa ya abiria wale walitoka Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, ambako lugha za asili hazieleweki kwa mtu wa Tokyo, na wenzao wa visiwa vikuu waliwadharau kwa sababu hiyo. Aidha, mkataba ulidai familia zenye nguvukazi ya watu wasiopungua watatu, kwa hiyo baadhi ya familia ziliundwa kwenye karatasi tu, watu wakaandikishwa kuwa ndugu ili wapate kusafiri. Kutokana na mchanganyiko huo, pamoja na maneno ya Kireno yaliyoingia kila siku, kilizaliwa Kijapani cha Brazili ambacho mgeni kutoka Japani hukishangaa.

Mwaka 1938 serikali ya Rais Getúlio Vargas wa Brazili iliagiza Kireno kiwe lugha ya kufundishia na kupiga marufuku kuwafundisha lugha za kigeni watoto wa vijijini wasiotimiza miaka 14. Magazeti ya Kijapani yalikoma mwaka 1941, na mwaka uliofuata, Brazili ilipovunja uhusiano na Japani, kuzungumza Kijapani hadharani kukawa kosa. Redio zao nazo zilichukuliwa. Basi vita vilipomalizika Agosti 1945, maelfu ya wahamiaji hawakuamini kwamba Japani imeshindwa. Wakagawanyika, na wafuasi wa chama cha Shindo Renmei wakawaua Wajapani wenzao waliokubali ukweli huo. Waliouawa walikuwa zaidi ya 20. Wapo wanaoyaeleza mauaji hayo kuwa ni ushabiki wa kizalendo tu. Naona maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa watu hao walikuwa wamenyimwa kwa miaka minne habari zozote katika lugha waliyoielewa na kuiamini.

Vizazi vilivyofuata viliishi kwa Kireno. Kisha mwaka 1990 Japani, iliyokuwa na uhaba wa vibarua viwandani, ilirekebisha sheria ya uhamiaji na kuwaruhusu watoto na wajukuu wa wahamiaji kuishi na kufanya kazi huko bila kuwadai Kijapani, kwa imani kwamba wenye asili ya Kijapani wangezoea upesi. Kufikia mwaka 2007 Wabrazili waliokuwa Japani walizidi 300,000, wengi wakiwa katika miji ya viwanda kama Hamamatsu na Oizumi. Sura zao zilikuwa za kienyeji, ila wakifungua kinywa huonekana wageni. Na huko Brazili, ambako majirani waliwaita "Wajapani" maisha yao yote, hakuna aliyewaandaa kwa hilo. Mtoto aliyejua lugha mbili alilazimika kumfasiria mama yake hospitalini mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Wengine hawakusoma kabisa, kwa kuwa elimu ya lazima nchini Japani haiwafungi raia wa kigeni: uchunguzi wa wizara ya elimu wa mwaka 2019 ulikadiria watoto wa kigeni wapatao 20,000, wa mataifa yote, ambao huenda hawakuwa shuleni.

Viwanda vilipoyumba, serikali ya Japani ilitangaza mwaka 2009 kumlipa kila mfanyakazi wa asili hiyo asiye na kazi yeni 300,000 arudi alikotoka, kwa sharti la kutorejea kwa viza ileile. Mpango wa kuwapa vitukuu wa wahamiaji viza ya Japani, ulioanza mwaka 2018, umegeuza hesabu: ulitenga nafasi hadi 4,000 kwa mwaka, lakini mwombaji alitakiwa aoneshe kwanza kwamba anajua Kijapani cha msingi. Waliojitokeza walikuwa wachache mno, na mwishoni mwa 2023 masharti yalilegezwa.