Mpako wa nyuzi si gundi: dhana potofu kuhusu kompositi za seramiki

Kompositi ya seramiki ni nyuzi zilizozamishwa ndani ya matriksi, yaani seramiki inayozizunguka, na kila uzi huvishwa kwanza mpako mwembamba. Kuhusu mpako huo ombi ni lile lile kila mara: "Tuwekeeni mpako utakaozishikiza nyuzi barabara kwenye matriksi." Hapana! Ukishikiza hivyo, utapata kipande kinachopasuka kama sahani.

Nyuzi za silikoni kabaidi ni seramiki, na matriksi nayo ni seramiki. Zikigandana kabisa, ufa ulioanzia kwenye matriksi hukata uzi na kusonga mbele. Mpako huwekwa ili pawe na njia dhaifu: ufa ukifika hapo ugeuke, utambae sambamba na uzi, nao uzi uendelee kubeba mzigo huku ukiteleza kwa msuguano. Boroni nitraidi na kaboni ya pairolisisi (kaboni inayobaki gesi ikivunjwa kwa joto) hufaa kwa sababu matabaka yake huachana kirahisi. Vunja sampuli, kisha itazame kwa hadubini ya elektroni. Ncha za nyuzi zikiwa zimechomoza na upande wa pili umebaki na vishimo, mpako umefanya kazi. Uso ukiwa bapa, nyuzi zote zimekatika usawa mmoja, mpako umeshindwa. Lakini udhaifu nao una mpaka: msuguano ukiwa mdogo mno, mzigo haurudi kwenye matriksi, na nyufa huwa chache lakini pana.

"Mpako mnene ndio salama." Si kweli. Uzi una kipenyo cha mikromita 10 hadi 15 hivi. Mpako wa mikromita 0.3 hadi 0.5 kwa kawaida unatosha. Ukizidisha, nyuzi za nje ya fungu huungana, gesi inayoleta mpako haipenyi, na za katikati hubaki uchi. Dawa yake ni kupunguza joto na shinikizo ili gesi iwahi kufika ndani kabla ya kuganda, si kuongeza saa za tanuri. Tena choma kwanza utando wa polima ambao nyuzi huja nao kutoka kiwandani.

"Boroni nitraidi haiungui." Huishinda kaboni, ambayo hewani huanza kuliwa kwenye nyuzijoto 500 za Selsiasi hivi, lakini kwenye 700 hadi 900 penye unyevu nayo huliwa. Oksidi ya boroni inayotokea huchukuliwa na mvuke, au huchanganyika na silika (oksidi ya silikoni) na kuwa kioo kinachogandisha uzi na matriksi: ugonjwa ule ule wa mwanzo. Kwa hiyo usijaribu kipande kwenye 1,200 pekee, kwani huko silika huota haraka na kuziba nyufa, na udhaifu wa kwenye 700 hadi 900 hutauona. Tumia boroni nitraidi iliyotiwa silikoni, na juu yake weka tabaka la kuikinga la silikoni kabaidi au silikoni nitraidi, hasa kama utajaza matriksi kwa kupenyeza silikoni iliyoyeyuka, ambayo huyeyuka kwenye 1,414.

"Kinga ya nje ya kipande inatosha." Inatosha hadi utakapotoboa tundu la bolti. Pale ncha za nyuzi huwa wazi na oksijeni huingia kupitia mpako wenyewe. Kata na toboa kwanza, ziba kingo zote, ndipo upake kinga ya nje.