Uwazi wa breki ya diski: maana yake na namna ya kuurekebisha

Uwazi wa breki ya diski ni nafasi nyembamba inayobaki kati ya diski inayozunguka na gurudumu na pedi zinazoibana, wakati mwendeshaji hajashika breki. Katika baiskeli ya milimani nafasi hiyo haifiki hata nusu milimita kwa kila upande, na diski nyingi zikiwa mpya huwa na unene wa milimita 1.8 hivi. Kwa hiyo kalipa, yaani kifaa kinachoshikilia pedi, ikihama kidogo sana tu, kiasi ambacho jicho halikioni kwa haraka, pedi itaisugua diski safari nzima.

Katika breki nyingi za oili hakuna skrubu inayopanga uwazi huu. Unapangwa na mpira. Ukibana mkono wa breki, oili huzisukuma pistoni zilizomo ndani ya kalipa, nazo huzisukuma pedi. Kila pistoni imezungukwa na sili, yaani pete ya mpira yenye kingo za mraba, ambayo hujipinda pamoja na pistoni inaposogea, na ukiuachia mkono, sili hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma. Umbali huo mdogo wa kurudi ndio uwazi wenyewe. Pedi zinapolika, pistoni hulazimika kwenda mbali kuliko sili inavyoweza kujipinda, hivyo huteleza kidogo ndani yake na kuanzia mahali papya. Ndiyo maana breki ya oili hujirekebisha yenyewe, ilhali ile ya waya, ambayo mara nyingi husogeza pedi ya upande mmoja tu, hungoja mkono wa fundi.

Diski ikisugua, usikimbilie spana. Hakikisha kwanza kwamba gurudumu limekaa sawa katika uma, kwa maana eksoli iliyofungwa upande hupeleka diski upande huohuo. Kisha inua baiskeli, zungusha gurudumu taratibu na usikilize. Msuguo usiokatika maana yake ni kwamba kalipa haiko katikati, au pistoni moja hairudi. Sauti inayokuja na kupotea kila mzunguko ni ya diski iliyopinda. Nimeona watu wakihamisha kalipa mara nne kwa ajili ya diski iliyopinda, kazi ambayo haiwezi kufanikiwa.

Ikiwa tatizo ni kalipa, legeza bolti zake mbili kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5, kiasi cha kuiruhusu icheze tu, bana mkono wa breki kwa nguvu, na ukiwa umeushikilia hivyo kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Kampuni ya Shimano, inayotengeneza breki hizi, huagiza zikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 6 hadi 8. Njia hii ni ya haraka, lakini inachukulia kwamba pistoni zote zinasogea sawasawa, jambo ambalo kwa baiskeli iliyotembea vumbini si la uhakika. Mimi huliamini zaidi jicho: weka karatasi nyeupe chini ya kalipa, chungulia kutoka juu, na utaona mistari miwili ya mwanga, mmoja kila upande wa diski. Isogeze kalipa kwa vidole mpaka mistari hiyo ilingane, ndipo ukaze.

Pistoni nzito, yaani inayosogea kwa shida, ndiyo inayosumbua zaidi, hasa katika baiskeli za mtumba zilizokaa muda mrefu bila kutumika. Toa gurudumu na pedi, zuia kwa kipande cha plastiki pistoni inayosogea vizuri, kisha bana mkono wa breki polepole mpaka ile nzito ijitokeze milimita chache, bila kuitoa nje. Isafishe kwa kijiti cha pamba, ipake tone la oili ileile inayotumiwa na breki hiyo, uirudishe kwa plastiki, na urudie mpaka isogee kama mwenzake. Breki ya oili ya madini usiitie oili ya DOT (aina nyingine ya oili ya breki) wala kinyume chake, kwa sababu sili zitavimba au kuharibika, na bila sili nzima hakuna uwazi wa kurekebisha.

Diski iliyopinda hunyooshwa ikiwa imepoa, kwa spana malaya iliyosafishwa vizuri, ikibanwa mahali pale pale inapogusa na kusukumwa kwa upole. Mafuta ya vidole yasiifikie, kwani yakiingia kwenye pedi breki hupiga kelele na kukosa nguvu. Soma pia unene wa mwisho uliochapwa kwenye diski, ambao kwa Shimano kwa kawaida ni milimita 1.5, iliyoshuka chini ya hapo hainyooshwi, hubadilishwa.

Gurudumu likiwa nje, mkono wa breki usibanwe bure. Pistoni hazitakuta diski ya kuzizuia, zitasogea mpaka pedi zikutane, na gurudumu halitaingia tena mpaka uzirudishe ndani. Unaposafirisha baiskeli kwenye buti la gari au juu ya basi, chomeka kipande cha boksi gumu kati ya pedi.