Wanawake wa Holloway hawakugoma kula ili wapewe kura

Ninafundisha historia ya harakati za wanawake wa Uingereza, na hakuna dhana iliyonichosha kama ile isemayo kwamba wanawake waliofungwa kwa kudai kura walikataa chakula mpaka serikali ikasalimu amri na kuwapa haki ya kupiga kura. Juma hili nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa historia, nami nimeona sina budi kuijibu kwa maandishi.

Marion Wallace Dunlop alifungwa katika gereza la Holloway, London, Julai 1909, kwa kupiga muhuri wenye maneno ya Hati ya Haki, sheria ya kale ya Uingereza kuhusu haki za raia, kwenye ukuta wa Bunge. Madai yaliyomfanya akatae chakula hayakuhusu kura. Alitaka awekwe katika daraja la kwanza, yaani atambuliwe kuwa mfungwa wa kisiasa badala ya mhalifu wa kawaida. Baada ya saa 91 aliachiwa. Wala hakutumwa na viongozi wa chama chake, WSPU, chama cha wanawake waliodai kura kwa vitendo vya nguvu. Uamuzi ulikuwa wake, na wenzake wakaufuata.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza yaliyofuata. Kura ilihitaji sheria ya Bunge, lakini daraja la mfungwa lilikuwa mikononi mwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa hiyo kila mfungwa aliyegoma alimlazimisha achague: amtambue, amwachie, au amtazame akifa. Septemba 1909, katika gereza la Winson Green, Birmingham, serikali ilibuni njia ya nne, nayo ni kuwalisha kwa nguvu kwa mrija.

Lady Constance Lytton, mwanaharakati wa ukoo wa kikabaila, alikamatwa Newcastle mwaka huohuo, akagoma, akapimwa moyo na kuachiwa bila kulishwa. Alishuku kwamba kilichomwokoa ni cheo chake. Januari 1910 alikata nywele, akavaa miwani na koti la bei nafuu, akajiita Jane Warton, mshonaji, kisha akakamatwa Liverpool. Safari hii hakuna aliyempima moyo. Kinywa chake kilipanuliwa kwa chuma, mrija ukasukumwa kooni, na alipomtapikia daktari, daktari huyo alimpiga kofi shavuni. Alilishwa hivyo mara nane.

Sheria ya Paka na Panya ya 1913, iliyowaachia waliodhoofika na kuwarudisha gerezani wakipata nafuu, nitaigusia tu, wengi wanaijua.

Je, mgomo ulileta kura? Vitabu vya shule hujibu ndiyo kwa haraka mno, nami nina shaka. WSPU ilisitisha harakati zake vita vilipoanza Agosti 1914, na sheria ya 1918 iliwapa kura wanawake waliofikisha miaka 30 na kutimiza masharti ya mali, huku usawa kamili ukingoja hadi 1928. Chama kikubwa zaidi cha kudai kura, kilichoongozwa na Millicent Fawcett, hakikutumia mgomo wa kula kabisa, na sioni namna ya haki ya kutenganisha mchango wa vita, wa Fawcett na wa Holloway.

Kuhusu daraja la mfungwa, ushahidi uko wazi zaidi. Mwaka 1910 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitoa kanuni mpya ya magereza iliyowaruhusu wanawake hao, miongoni mwa mambo mengine, kuvaa nguo zao wenyewe, ingawa kuwaita wafungwa wa kisiasa serikali ilikataa.