Je, wajua mionzi mikali ya nyota changa hutokaje ndani ya galaksi?

Nyota yenye uzito mara 20 ya Jua letu huzaliwa ndani ya wingu zito la gesi, na gesi hiyohiyo iliyoizaa ndiyo inayoizuia nuru yake isitoke. Lakini huko nje, katika anga pana linalotenganisha galaksi na galaksi, karibu haidrojeni yote imeshang'olewa elektroni zake. Ni nani aliyeifanya kazi hiyo, ikiwa nuru yenye uwezo huo hukwama palepale ilipotoka?

Kung'oa elektroni ya haidrojeni si jambo dogo. Hutakiwa nishati ya elektronivolti 13.6, yaani mwale wa urujuanimno ambao urefu wa wimbi lake hauzidi nanomita 91.2. Nyota kubwa za buluu, ambazo joto la uso wake hupita nyuzi 30,000, huimwaga miale hiyo kwa wingi. Shida ni kwamba kila mwale ukigongana na atomu nzima ya haidrojeni humezwa papo hapo. Atomu imepoteza elektroni, na mwale nao umekwisha. Ile inayosalimika kwa haidrojeni huzuiwa na vumbi.

Takriban miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa hadi protoni na elektroni zikashikana kuwa atomu za haidrojeni, anga likajaa gesi isiyopitisha miale hii. Ulipotimia umri wa miaka kama bilioni moja, gesi hiyo ilikuwa imeng'olewa elektroni tena. Wanaastronomia wengi huona kuwa galaksi changa ndizo zilizofanya kazi hiyo. Kwa hiyo lazima miale ilipata pa kutokea.

Njia ni mbili. Ya kwanza, nyota zikiwa nyingi na kali mahali padogo, huweza kung'oa elektroni za gesi yote inayozizunguka hadi pasibaki atomu nzima ya kuzuia kitu. Ya pili, upepo wa nyota, msukumo wa nuru yenyewe na milipuko ya nyota zinazokufa (supanova) huitawanya gesi na kuiachia matundu. Hapo galaksi huwa kama paa la makuti lililochakaa: nuru haipenyi kila mahali, hupita kwenye matundu tu.

Kwangu mimi ugumu wa kweli uko kwenye muda. Nyota zinazotoa miale mingi zaidi huishi miaka milioni chache tu. Tundu likichelewa kufunguka, litafunguka nyota hizo zimeshakufa. Nyota zinazoishi mbili mbili husaidia hapa, kwa sababu moja inaweza kumvua mwenzake tabaka la nje na kuacha kiini cha moto kinachoendelea kutoa miale baadaye.

Mwaka 2007, watu wa kujitolea katika mradi wa kuainisha galaksi uitwao Galaxy Zoo waligundua vidoa vidogo vya kijani kwenye picha za anga, wakaviita njegere. Ni galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi, na ukijani wake hutokana na oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Mwaka 2016 kikundi cha mwanaastronomia Yuri Izotov, kikitumia darubini ya angani ya Hubble, kilipima galaksi ya aina hii iitwayo J0925+1403 na kukuta asilimia 8 hivi ya miale ikitoka. Miaka miwili baadaye nyingine, J1243+4646, ilionekana kuvujisha takriban asilimia 72!

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni galaksi iitwayo Sunburst Arc, ambayo nuru yake imesafiri karibu miaka bilioni 11. Kundi la galaksi lililo mbele yake huipinda nuru hiyo na kuizidisha, hata tunaona nakala kadhaa za kitu kimoja. Mwaka 2017 mwanaastronomia Emil Rivera-Thorsen na wenzake waliichunguza nuru yake ya haidrojeni ya nanomita 121.6. Kwa kawaida nuru hii hudundadunda ndani ya gesi na kutoka ikiwa na vilele viwili, katikati pakiwa pameliwa. Hapa kulikuwa na kilele cha tatu, katikati kabisa: dalili ya ujia ulionyooka usio na gesi. Mwaka 2019 Hubble ikaiona miale yenyewe ikitoka kwenye kishada kimoja tu cha nyota changa, kikiwa kimejirudia mara 12 pichani. Sehemu nyingine za galaksi hiyo hazivujishi.

Tundu lile lingeelekea upande mwingine, tusingeona kitu. Ndiyo maana hupimwa galaksi nyingi kwa pamoja: katika uchunguzi wa Hubble uliotolewa 2022, kati ya galaksi 66 za karibu, 35 zilikutwa zikivujisha. Galaksi za miaka bilioni ya kwanza haziwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa haidrojeni iliyo njiani huimeza miale yao kabla haijatufikia. Kinachobaki ni kujifunza dalili kwa zile za karibu, kama vile udogo, rangi ya buluu isiyo na vumbi na mng'ao wa oksijeni, kisha kuzitafuta dalili hizohizo katika galaksi za kale ambazo darubini ya James Webb inazionesha sasa.