Kidole gumba na mota: kuendesha roboti kwa kontrola ya gemu

Wanafunzi wangu walipoiweka roboti yao sakafuni kwa mara ya kwanza, dereva alisukuma kijiti cha kontrola mbele, roboti ikarudi nyuma ikagonga ukuta. Wote wakakimbilia nyaya. Nyaya zilikuwa sawa kabisa.

Tunatumia mfumo wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, na kontrola ya Logitech F310. Swichi ndogo ya nyuma iwe kwenye X, kisha bonyeza Start na A kwa pamoja ili itambuliwe kuwa kontrola ya kwanza. Programu husoma kijiti kama namba kati ya -1 na 1, na ukikisukuma mbele hadi mwisho inasoma -1. Kwa hiyo geuza alama ya namba hiyo, hasi iwe chanya. Geuza pia mwelekeo wa mota za upande mmoja, kwa sababu pande mbili zimefungwa kwa kutazamana. Usipogeuza, roboti itazunguka palepale kama pia.

Sisi tunaendesha kwa kijiti kimoja: kukisukuma mbele kunatoa namba ya "mbele", kukisukuma kando kunatoa namba ya "kona". Upande wa kushoto unapata mbele + kona, wa kulia mbele - kona. Tuseme mbele ni 1 na kona 0.5: kushoto 1.5, kulia 0.5. Mota haipokei zaidi ya 1, hivyo 1.5 inakatwa, na kona uliyoitaka inapungua makali. Gawanya zote mbili kwa 1.5: unapata 1 na 0.33, na uwiano unabaki uleule. Mstari huu mmoja wa programu nausisitiza kuliko yote.

Halafu kuna kijiti kilichochoka, ambacho ukikiachia hakirudi sifuri kamili. Mota zinanguruma chini chini bila kuzunguka, na betri inaliwa bure. Chochote kati ya -0.1 na 0.1 kihesabu kuwa 0. Ila kabla hamjagusa sakafu, inueni roboti juu ya matofali, magurudumu yaning'inie, mzisome namba kwenye skrini.

Kilichobaki ni mkono wa dereva. Zidisha namba ya kijiti kwa yenyewe mara tatu: 0.5 inakuwa 0.125, 1 inabaki 1, na alama ya kutoa haipotei kama ambavyo ingepotea kwa kipeo cha pili. Nusu ya kijiti sasa ni mwendo wa kunyata. Jioni ile binti aliyegonga ukuta aliisogeza roboti hadi kwenye boksi, akalisimamisha gurudumu la mbele upana wa kidole kabla ya kuligusa.